Arobaini Imeitika

Alhamisi. Saa kumi na robo alasiri.

Chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani, Dunda. Mbele cherehani inalia. Nyuma watu watano wamekaa juu ya mabunda ya vitambaa, mlango umerudishwa, joto limewafunika kama mkeka.

Mwinyimvua alichora ramani ya ghala la Makurunge kwa mkaa juu ya boksi la sabuni. Mkono wake haukutetemeka. Mzee wa miaka sitini, kofia nyeupe, sauti ya chini. Mtu asiyemjua angemdhani anagawa mirathi.

"Hapa lango la mbele. Hapa mlango mdogo wa pembeni. Hapa chumba cha kati, mna swichi ya king'ora. Hapa nyuma, stoo. Waya wa shaba umo humu. Roli kumi na nane."

"Lini?" akauliza Bilali, dereva wa bodaboda.

"Kesho. Walinzi wako wanne. Watatu wanakwenda Ijumaa, mmoja anabaki mbele na redio yake. Tunaingia wakati wa khutba. Tunatoka kabla ya salamu."

Bilali akajikuna ndevu. "Na sisi tusiswali, mzee?"

"Msafiri hana Ijumaa."

"Msafiri wa kutoka Dunda kwenda Makurunge?" Yahya akacheka. "Mjomba, hata kuku wetu anafika huko akipotea."

Wakacheka wote. Mwinyimvua akangoja wamalize.

Yahya na dadake Adila walikuwa watoto wa dada yake. Mama yao alipofariki Yahya alikuwa na miaka minne, Adila kumi na miwili. Mwinyimvua akawachukua. Akawalisha, akawasomesha, kisha akawafunza na kazi yake. Yahya alimpenda kupita kiasi. Alivaa makubadhi ya mjombake hata pale yalipomzidi mguu.

"Adila. Waeleze."

Adila akafunua laptop magotini. Ghala lile alikuwa akitengeneza kompyuta zake mpaka mkataba ulipokwisha. Alijua milango yake.

"Milango ya mle haina kitasa cha mkono," akasema. "Inatii kompyuta. Na inasikiliza anwani moja tu kwenye mtandao wa mle ndani. Arobaini. Ilikuwa kompyuta ya meneja, ikaungua mwezi uliopita, hawajaweka nyingine. Kiti kitupu. Mimi nimemtengeneza wa kukikalia."

"Yuko wapi?" akauliza Haidar, dereva wa Fuso.

"Humu humu."

Kompyuta ndani ya kompyuta. Ya Linux, haina chuma wala plastiki, imeundwa kwa maandishi matupu ndani ya laptop ya Adila. Chuoni waliita mashine pepe. Adila aliiita Mwali. Kwani si ndivyo mwali alivyo? Amewekwa ndani, hatoki, haonekani, ana dirisha moja tu la kusemea na watu wa nje.

Kioo kikawa cheusi. Kisha maneno meupe yakatokea:

*Shikamoo dada Adila wa Dunda.*

Chini yake ikaulizwa neno la siri.

Yahya akapiga makofi. "Imemwamkia! Na mimi iniamkie."

"Wewe mdogo. Utaiamkia wewe."

Haidar hakucheka. "Jina lako la nini humo?"

"Nimemfunza adabu. Asalimie kwanza, ndipo aulize."

"Arobaini," Bilali akanung'unika. "Namba gani hiyo ya kuibia? Siku za mwizi..."

"Nyamaza," akasema Mwinyimvua.

Haidar akasogea karibu. Ukitaka mlango ufunguke unaandikaje? Ukitaka ufunge? Unaweza kuipangia saa, ikafanya yenyewe? Adila akamwonyesha. Haidar akaandika kiganjani kwa kalamu.

"Na Mwali wako akiugua?" Mwinyimvua akauliza.

"Ninayo nakala yake, mjomba. Ipo pahala."

Hakusema wapi. Mwinyimvua hakuuliza. Haja gani ya kuuliza? Katika nyumba zile ufunguo wa akiba haukai kwa jirani. Unakaa kwa mjomba. Ufunguo wa mlango, cheti cha kuzaliwa, dhahabu ya marehemu mama, vyote vilikuwa ndani ya sanduku la Mwajabu, mkaza mjomba, chini ya kanga. Na flashi ya Adila yenye nakala ya Mwali ilikuwa humo, imefungwa kwa mpira pamoja na kikaratasi cha maneno mawili ya siri, la Mwali na la kuingilia antena ya ghalani.

"Yahya unaingia mlango mdogo saa saba na dakika mbili," akasema Mwinyimvua. "Si kabla, si baada. Unazima king'ora. Dada yako anakufungulia, unatoka. Kisha anatufungulia sisi nyuma."

"Na walinzi wakirudi mapema?"

Mwinyimvua akafuta mchoro kwa kiganja. Boksi likabaki jeusi.

"Mlinzi akishapata mtu mmoja wa kumkamata, hahesabu waliopita."

"Basi tusiwe huyo mmoja," akasema Yahya.

Wakacheka tena.

Ijumaa. Saa sita na nusu mchana.

Makurunge. Stoo ya pumba za kuku, hatua mia tatu kutoka ghalani. Adila peke yake, laptop juu ya gunia, kisahani cha antena dirishani kimefunikwa kanga. Kisahani cha pili kiko juu ya paa la ghala. Yahya alikipachika Jumanne, amevaa nguo za fundi umeme, na mlinzi alimshikia ngazi.

Adila alibisha hodi kwenye milango kwa njia ya mtandao. Hodi kumi, maitikio kumi. Akajifuta jasho. Akabisha tena. Kumi.

Hakutulia. Akasimama, akakaa. Akaangalia simu.

Saa sita na dakika arobaini na nane.

Ujumbe wa Bilali, aliyeegesha pikipiki mkabala na msikiti: *Khatibu kapanda mimbari. Mgeni. Simjui.*

Yule wa siku zote alijulikana kwa kurefusha. Mpango wote uliegemea pumzi zake.

*Ana haraka?* Adila akaandika.

*Sijui. Kijana.*

Saa saba na dakika mbili.

"Naingia," sauti ya Yahya sikioni.

Adila akaandika amri. Mlango mdogo ukafunguka. Akasikia makubadhi ya mjomba yakipiga sakafu.

Saa saba na dakika tano.

King'ora kimezimwa. Kisha kishindo. Kisha Yahya akapiga ukelele mfupi, akaumeza.

"Dada. Mlango umejifunga."

"Upi?"

"Wa kati. Umenibana vidole. Nimevitoa. Fungua."

Adila akaandika: fungua kati. Hakuna jibu. Akaandika tena. Hakuna.

"Ngoja kidogo."

"Damu inatoka nyingi, dada."

"Funga na shati. Ngoja."

Fundi akipapatika anaharibu. Adila alijua hilo. Unaanzia ndani, unatoka nje, hatua moja moja, kama mtu anayetafuta paa linapovuja.

Kadi ya mtandao ya Mwali: hai. Anwani: arobaini, ipo. Njia ya kutokea: ipo. Daraja la kumuunganisha Mwali na antena: limeshika pale pale. Akabisha hodi kwenye milango.

Hodi kumi. Maitikio matatu.

Akabisha tena. Manne. Akabisha tena. Mawili.

Mtandao uliokufa unajulikana. Huu haukufa. Uliitika ukanyamaza, ukaitika ukanyamaza, kama mtu anayeongea huku kuna mkono unamziba mdomo.

Saa saba na dakika nane.

*Khutba ya pili*, akaandika Bilali. *Huyu ana haraka wallahi.*

Labda kinga ya Mwali ndiyo inayozuia. Akaivua yote. Vile vile. Labda waya wa antena. Akaukaza mpaka ukucha ukakatika. Nguvu ya mawimbi imejaa. Akawasha mtandao wa Mwali upya. Nusu dakika ikapita. Vile vile.

"Dada."

"Nipo."

"Nje nasikia gari nyuma. Fuso. Mjomba kashaingia?"

Adila akainua kichwa. Fuso haikutakiwa kuingia bado. Yeye hajafungua nyuma.

"Umesikia vizuri?"

"Nasikia roli zinabingirika. Mwambie mjomba anitoe basi, yuko ukuta wa pili tu hapa! Nimempigia simu hapokei."

Adila akamzima Mwali kabisa, amwamshe upya. Kioo kikawa tupu. Na kwa mazoea tu ya fundi, kuhakikisha kwamba kilichozimwa kimezimika, akabisha hodi kutoka kwenye laptop yenyewe. Akaita arobaini.

Arobaini ikaitika.

Akaangalia dirisha la Mwali. Limezimwa. Akaita tena.

Arobaini ikaitika.

Viti viwili haviwezi kuwa na namba moja. Ikiitwa namba, wote wawili wanainuka, barua inamfikia huyu, nyingine inamfikia yule. Ndiyo sababu ya yale maitikio nusunusu. Kulikuwa na mtu mwingine mtandaoni, amevaa namba ya Mwali.

Akaitazama alama ya kadi iliyoitika. Ngeni, ya laptop nyingine. Akabisha, safari hii kwa kutaka kuingia ndani.

*Shikamoo dada Adila wa Dunda.*



Akaandika neno lake la siri. Ikafunguka. Aliyeichukua nyumba hakubadilisha hata kitasa.

Alimokuwa ni mle mle mwake. Mafaili yake, mpangilio wake, makosa yake ya mwezi wa tatu ambayo hakuyasahihisha. Na karatasi moja mpya ya amri, imepangiwa saa. Adila akaisoma.

Saa saba na dakika tano, funga kati. Saa saba na dakika saba, fungua nyuma. Saa saba na dakika ishirini, fungua nyuma.

Akatafuta mstari wa kufungua kati. Akasoma juu mpaka chini. Akasoma tena. Labda umeandikwa vibaya, labda uko chini kabisa.

Haukuwepo.

*Mlinzi akishapata mtu mmoja wa kumkamata.*

Mtu mmoja. Ndani ya chumba cha chuma, damu mkononi, swichi ya king'ora imezimwa mbele yake. Walinzi wangemkuta, wangempiga, wangeita polisi, na Fuso ingekuwa imeshaishika lami ya Msata.

Akaliona sanduku la Mwajabu. Akaziona kanga zikiinuliwa moja moja, kwa utaratibu, na mkono usiotetemeka.

Saa saba na dakika kumi na tatu.

*Wanakimu*, akaandika Bilali. *Tokeni.*

Njia zilikuwa mbili. Kuizima ile nakala sasa hivi, anwani ibaki moja, Mwali wake aamke, amfungulie Yahya. Au kuifuta kwanza. Kufuta kungechukua dakika nne, tano, na muda wote huo nakala ingebaki hai, imekalia kiti. Akiizima bila kuifuta hataifikia tena. Itabaki ndani ya laptop ile nyingine, nzima, imelala. Atakayeiamsha wa kwanza, yeyote awaye, ataamkiwa kwa jina.

"Dada," akasema Yahya. Sasa alinong'ona. "Usiniache humu."

Adila akaizima.

Mwali akaanza kuamka. Mistari ikashuka kiooni, taratibu, kama bibi anayehesabu tasbihi. Adila akapiga gunia kwa ngumi.

*Rakaa ya kwanza*, akaandika Bilali.

Simu ikalia. Mjomba.

Akapokea kwa mkono wa kushoto. Kulia aliendelea kuandika.

"Adila. Lango la nyuma halifunguki."

"Shikamoo mjomba."

Nyuma yake Haidar alisikika akiitukana laptop yake. Lango la nyuma lilikuwa na desturi yake: gari likishaingia, linajifunga lenyewe mpaka liamriwe tena. Na wa kuliamuru alikuwa amelazwa.

"Marahaba," akasema Mwinyimvua. "Fungua lango, mwanangu."

"Yahya yuko wapi?"

"Yahya ameshatoka. Nimemwona kwa macho yangu anakimbia. Fungua."

Katika sikio la pili Yahya alikuwa akigonga chuma kwa mkono mzima. Do. Do. Do.

"Umemwona, mjomba?"

"Wallahi."

Mwali akaamka. Akamwamkia. Adila akaandika neno la siri, akakosea herufi, akaandika tena. Hodi kumi. Maitikio kumi.

Fungua kati.

"Umefunguka!" Yahya akapiga kelele. "Umefunguka, dada!"

"Toka pembeni. Usikimbilie mbele. Pita kwenye mihogo, njoo kwenye pumba."

"Adila," Mwinyimvua alisema simuni. Sauti ile ile ya chini, ila sasa pumzi zilikuwa fupi. "Nilikulisha. Nilikulea. Nani alikuzikia mama yako?"

"Wewe."

"Basi fungua."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Maneno mawili tu. Dakika zilikuwepo. Hata baada ya hayo yote, mtu ni mjombake. Akafikiri mjomba angesema samahani. Akafikiri angesema alichanganyikiwa, shetani alimpitia, Haidar alimshawishi. Alingoja aseme lolote.

"Fungua, mpumbavu wewe, wanatoa salamu!"

Adila akafunika laptop.

Saa saba na dakika ishirini na moja.

Bilali akafika na pikipiki, akapanda mpaka mlangoni. Yahya akatokea kwenye mihogo, shati limezungushwa mkononi, jekundu, kubadhi moja mguuni. Wakapanda mshikaki, watatu, Adila nyuma, laptop katikati ya migongo.

Risasi mbili zikasikika upande wa ghala. Kisha filimbi. Kisha sauti nyingi za watu waliotoka kuswali.

"Mjomba katoka?" Yahya akauliza kwa nguvu, upepo ukiyachukua maneno.

"Shika vizuri."

"Nakuuliza, mjomba katoka? Bilali, geuza! Geuza tukamchukue!"

"Bilali, usigeuze."

Saa nane kasoro dakika kumi.

Barabara ya Msata. Adila akamwambia Bilali asimame. Akashuka. Yahya akashuka naye, macho mekundu.

"Umemwacha. Umemwacha mjomba mle ndani."

"Nani alikwambia uingie saa saba na dakika mbili?"

"Si mjomba."

"Mlango umekubana saa ngapi?"

"Sasa hiyo inahusu..."

"Saa ngapi, Yahya?"

"Saba na tano."

"Ilikuwa imepangwa. Imeandikwa. Nimeisoma. Waliichukua nakala yangu sandukuni kwa Mwajabu, Haidar akaandika, mjomba akamtuma. Wewe ndiye ulikuwa wa kukamatwa."

Yahya akalitazama lile kubadhi moja. Bilali akageuza uso, akajifanya anakagua mnyororo wa pikipiki.

"Alikuwa ukuta wa pili," Yahya akasema mwishowe. "Nilimwita kwa jina. Alinisikia."

"Alikusikia."

Akalivua kubadhi. Hakulitupa. Alilishika tu, kama hajui pa kuliweka.

"Bilali, mpeleke Lugoba kwa shangazi Rukaya. Amwoshe huo mkono. Asitoke ndani."

"Na wewe?" akauliza Bilali.

"Mimi nina jina ndani ya ile laptop ya Haidar. Watalikuta leo leo."

"Twende wote basi! Tanga, Mombasa, popote."

"Nikikimbia watanitafuta. Wakinitafuta watauliza ndugu zangu ni nani. Wakinikuta nimekaa, hesabu yao imetimia." Akamfunga Yahya vizuri lile shati. "Mjomba hatakutaja. Akikutaja itabidi aeleze alikufungia wapi, na hilo hatalitamka mbele ya watu. Nenda. Usinibishie barabarani."

Yahya akalia kwa sauti, mwanamume mzima, pembeni ya lami. Bilali akamvuta, akampandisha. Adila akasimama mpaka pikipiki ikawa nukta, kisha nukta ikawa hakuna.

Saa kumi na moja kasorobo jioni.

Dunda. Adila alikuwa ameshafagia uwanja. Ameshaoga, ameshaswali adhuhuri na alasiri. Laptop yake aliifuta mpaka ikawa haina kitu, Mwali hakuwepo tena upande huu. Upande ule alikuwepo, na yule hangefutika.

Jirani yake Ashatu alichungulia. "Mbona umeacha mlango wazi, shoga? Una wageni?"

"Ninao."

"Umewapikia?"

"Hawatakaa."

Gari likasimama njiani. Milango mitatu ikafunguka, ikafungwa. Adila akakaa juu ya mkeka, mikono magotini, akayasikiliza mabuti. Kila hatua ilimfanya atake kusimama. Hakusimama.

Mlangoni akatokea askari mmoja mwenye nyota begani. Kwapani alikuwa na laptop isiyo ya Adila, kona yake ina damu iliyokauka. Akamtazama. Akakitazama chumba, kitanda kimoja, jozi moja ya viatu. Hakukuwa na dalili ya mtu wa pili.

Hakupiga hodi. Alikuja na neno jingine, alilolisoma kiooni mchana ule mbele ya wenzake wote, nao wakacheka.

"Shikamoo dada Adila wa Dunda."

Adila akavuta mtandio, akajifunika vizuri.

"Marahaba," akasema. "Karibuni ndani."